Palipo na Kazi Ndipo Wanasayansi Vijana Hukutana

Mhandisi wa maji anayeanza kazi na kupangiwa wilaya ya mbali, tuseme Liwale au Kalambo, hupokelewa na mambo mawili kwa pamoja: kazi tele na upweke. Pampu ya kisima inavuta mchanga, vipimo vya mkandarasi havilingani na ardhi iliyopo, na katika wilaya nzima huenda hakuna mtu wa pili aliyesomea alichosomea yeye. Wenzake wa chuo wametawanyika toka Kagera hadi Mtwara. Mtafiti kijana wa maabara ya hospitali ya mkoa yumo katika hali hiyohiyo, na mhadhiri msaidizi wa chuo kipya vilevile. Wataalamu wetu ni wachache, na hao wachache wamerundikana Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali.

Kwa vijana hawa simu ya mkononi imekuwa njia ya kuwafikia watu wa fani yao. Njia hiyo haina umri mkubwa. Hadi 2009 Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti, intaneti ikiwa ghali na ya kusuasua. Mwaka huo mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ikaanza kazi, EASSy ikafuata 2010, na baada ya hapo msomi wa kawaida akaweza kujiunga na kundi la wenzake bila kusubiri foleni ya kompyuta ya chuo. Makundi hayo sasa hayahesabiki: ya wahandisi ujenzi, ya wataalamu wa maabara, ya wanajiolojia, ya waandaaji wa programu. Mengi yamejaa salamu za asubuhi, tanzia, matangazo ya semina na ubishi wa Simba na Yanga. Machache yamezaa makala za kisayansi, kampuni, ramani, ajira na uhusiano wa kikazi wa kudumu.

Kinachoyatofautisha ndicho ninachotaka kukichambua. Dai langu ni kwamba mjadala, hata uwe wa kisomi namna gani, hauwafungi watu pamoja kwa nguvu zake wenyewe. Kinachowafunga ni kazi inayogawanyika vipande, inayofanyika mbele ya macho ya wote, na inayobeba majina ya walioifanya. Mjadala ukizunguka kazi ya namna hiyo, vijana hujuana kwa uwezo wao. Ukikosa kazi, hujuana kwa namba za simu tu.

Tazama Kenya ya Januari 2008. Uchaguzi wa Desemba ulikuwa umefuatiwa na ghasia, na Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika habari za siasa mtandaoni, aliuliza hadharani kama wapo mafundi wa kompyuta wanaoweza kuziweka taarifa za vurugu kwenye ramani. Walioitikia ni pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani, ikipokea taarifa za wananchi kwa ujumbe mfupi wa simu na kwa wavuti. Hawakuwa wamekaa chumba kimoja. Okolloh alikuwa Afrika Kusini, Kobia Marekani. Walikuwa wakisomana na kujibizana kabla ya hapo, ila ni kazi ile ya dharura iliyoonyesha nani anaweza nini na nani hutimiza ahadi yake. Programu yao ilikuwa huria, kila mtu akiruhusiwa kuichukua na kuiboresha, na ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Machi mwaka huohuo iHub ikafunguliwa Nairobi, na maelfu ya vijana wa teknolojia wakapata mahali pa kukutania ana kwa ana. Mpangilio wa matukio hapa una uzito: mazungumzo yalitangulia, kazi ikafuata, jengo likaja mwisho. Serikali na wafadhili wetu hupenda kuanza na jengo.

Mfano wa pili umenifundisha zaidi, na nitakaa nao kwa muda. Mwaka 2019 Jade Abbott na Laura Martinus, watafiti wa Afrika Kusini, walianzisha Masakhane, jumuiya ya kutafiti uchakataji wa lugha za Kiafrika kwa kompyuta. Mazingira yalikuwa yameandaliwa na Deep Learning Indaba, mkutano wa ujifunzaji wa mashine ulioanza 2017 katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand na ambao 2019 ulifanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi. Mkutano wa wiki moja kwa mwaka huwasha moto; kuuchochea kwa wiki 51 zinazobaki ni kazi nyingine. Masakhane ilifanya kazi hiyo kwa mazungumzo ya maandishi kila siku na kikao cha mtandaoni kila wiki.

Hata hivyo, makundi mengi yana vikao vya kila wiki na bado yanakufa. Kilichoiokoa Masakhane ni kwamba mgeni alipoingia alikuta kazi inayomsubiri. Waanzilishi walikuwa wameandaa daftari la msimbo kwenye Google Colab, huduma inayompa mtu kompyuta yenye nguvu bila malipo kupitia kivinjari. Mgeni alichagua lugha yake, akafuata hatua zilizoandikwa, akafundisha mtambo wa kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiyoruba, Kijaluo, Kitswana au Kiswahili, kisha akaweka matokeo yake pamoja na ya wenzake. Hakuhitaji kuwa na shahada ya uzamivu. Alihitaji kujua lugha yake, kuwa na intaneti ya kutosha, na kuwa tayari kuuliza alipokwama. Na kila alipokwama palikuwa na sababu ya kuongea na mtu mwingine, kwa jina, kuhusu jambo mahususi: mbona alama za toni zimepotea, mbona matokeo ya lugha yangu ni duni kuliko ya jirani, ni nani ana matini nyingine. Hapo ndipo watu walipojuana.

Jambo la pili ni sifa. Makala yao kubwa ya kwanza, iliyotoka 2020 katika mkutano wa uchakataji wa lugha wa EMNLP, ina waandishi karibu 50, na ndani yake wamo watu ambao kwa taratibu za kawaida za vyuo wangeishia kwenye mstari wa shukrani. Mwaka uliofuata makala hiyo ilipata tuzo ya utafiti ya Wikimedia Foundation. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa Lagos au Nairobi, jina lake kuwa kwenye makala iliyotuzwa ni hati ya kusafiria katika taaluma. Kazi iliyofuata, MasakhaNER ya 2021, iliongozwa na David Adelani, Mnigeria aliyekuwa akisomea uzamivu Ujerumani, nayo ikaandaa data za kuyatambua majina ya watu, mahali na taasisi katika lugha 10, Kiswahili, Kijaluo, Kiganda na Kinyarwanda zikiwemo. Kazi ya kuweka alama kwenye sentensi moja baada ya nyingine inachosha, lakini mtu aliyeifanya na wewe kwa miezi utamwandikia barua ya kumpendekeza bila kusitasita, kwa kuwa unajua anavyofanya kazi.

Yalikuwepo pia maumivu. Matini nyingi zilizotumika mwanzoni zilitoka kwenye mkusanyo uitwao JW300, uliotokana na machapisho ya Mashahidi wa Yehova. Baadaye mkusanyo huo uliondolewa kwa sababu ya hakimiliki. Kundi lililojengwa juu ya data hiyo peke yake lingesambaratika. Lililojengwa juu ya watu waliokwisha kufanya kazi pamoja liliweza kukusanya na kutafsiri data nyingine.

Na kisisahaulike kilichowasukuma vijana hawa mtandaoni. Mwaka 2018 watafiti wengi weusi walinyimwa viza za Kanada walipotaka kwenda Montreal kwenye mkutano wa ujifunzaji wa mashine wa NeurIPS, na mwaka uliofuata, ulipofanyika Vancouver, hali ikajirudia. Mkutano mwingine wa fani hiyo, ICLR, uliopangwa kufanyika Addis Ababa 2020 ulihamia mtandaoni kwa sababu ya korona, na bara likasubiri hadi Mei 2023 ulipofanyika Kigali. Kijana wa Kizungu anaweza kuukosa mkutano mmoja akaenda mwingine. Kijana wetu akinyimwa viza amekosa mwaka mzima wa kuonana na watu ambao ndio wanaosoma makala, wanaotoa nafasi za masomo na wanaoajiri. Kwake mjadala wa mtandaoni mara nyingi ndio ukumbi pekee alioruhusiwa kuingia.

Tanzania nayo ina mfano wake, wenye vumbi zaidi. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuichora kata yao kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Kuanzia 2015 kazi hiyo ilipanuka kupitia Ramani Huria, ikichora kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko. Watu wa kujitolea waliokaa nchi nyingine walichora majengo kutoka picha za angani. Wanafunzi, kwa mamia, walitembea mitaani na wenyeji kuandika majina ya mitaa, mitaro, madaraja na mahali maji yanapofika. Aliyekuwa Ulaya hakuweza kujua kama ule mstari wa bluu ni mto au mtaro wa maji machafu, na aliyekuwa bondeni mwa Msimbazi hakuwa na muda wa kuchora kila paa. Walilazimika kuulizana. Vijana waliopitia kazi hiyo ndio walioendeleza OpenMap Development Tanzania, na kazi ya ramani za jamii ikapata wataalamu wa nyumbani.

Sayansi ya jamii imeyapima mambo haya kwa muda mrefu. Mark Granovetter alionyesha 1973 kwamba habari mpya, hasa za ajira, huja zaidi kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali kuliko kupitia marafiki wa karibu, maana marafiki wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua sisi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, uliotumia majaribio ya LinkedIn kwa watu zaidi ya milioni 20, uliongeza sharti: uhusiano uliosaidia zaidi kupata kazi ni ule wa mbali kiasi, wenye watu wachache wanaofahamika na pande zote mbili. Mtu usiyemjua kabisa hakusaidii sana. Nadhani hii inaeleza kwa nini kukusanya maelfu ya wafuasi hakumpi kijana mtandao wa kitaaluma, na kwa nini watu 30 waliowahi kusahihisha msimbo wake wanampa. Kazi ndogo ya pamoja humtoa mtu kwenye ugeni na kumfikisha kwenye ufahamiano ule wa mbali kiasi.

Katika makundi haya kuna walio kimya. Jakob Nielsen aliandika 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni asilimia 90 husoma tu, 9 huchangia kwa nadra, na 1 huandika karibu kila kitu. Wasimamizi wa makundi hukasirishwa na ukimya huo, wengine hufikia kuwafuta watu. Mimi naona wanakosea. Jean Lave, aliyewachunguza mafundi cherehani wa Liberia, na mwenzake Etienne Wenger walieleza katika kitabu chao cha 1991 kwamba mwanagenzi huanza pembeni, akitazama na kushika kazi ndogo, na kutazama huko ni sehemu halali ya kujifunza. Asomaye kimya mjadala wa wahandisi wawili kuhusu nyufa za zege anajifunza lugha ya fani, anajua nani wa kumwamini, anangoja siku yake. Tatizo huanza pale ambapo hakuna kazi ndogo ya kumpokea siku hiyo ikifika.

Hapa kwetu ukimya una sababu nyingine, nayo ni heshima. Kijana aliyelelewa kumwamkia mkubwa kabla ya neno lolote haoni rahisi kumwambia profesa, mbele ya watu 500, kwamba hesabu yake ya mzigo wa paa ina kosa. Heshima hiyo ni tunu na sipendekezi tuitupe. Lakini makundi yanayofanya vizuri yameitafutia utaratibu: wakubwa wanatamka waziwazi kwamba kazi zao zisahihishwe, na sahihisho linaelekezwa kwenye mchoro au msimbo, si kwenye mtu. Profesa mmoja anayejibu, “Ahsante, mwanangu, umeona sawa,” hufungua vinywa vingi kuliko kanuni 10 zilizobandikwa juu ya kundi.

Lugha nayo huamua nani anene. Wengi wetu tulisoma sayansi kwa Kiingereza na tunaiwaza kwa mchanganyiko. Mjadala wa Kiingereza kitupu unamfikia Mnigeria na Mhindi, lakini unamnyamazisha fundi sanifu mwenye uzoefu wa miaka mingi ambaye sentensi zake za Kiingereza zinamtia aibu. Mjadala wa Kiswahili unamwingiza huyo, pamoja na mwenzake wa Bujumbura na wa Lubumbashi. Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kubishana kwa Kiswahili na kuandika matokeo kwa lugha zote mbili.

Kwa wanawake kuna kikwazo kizito zaidi. Msichana akiuliza swali la kitaalamu kwenye kundi kubwa, mara nyingi hupata jibu moja hadharani na jumbe kadhaa faraghani zisizohusu swali lake. Akijifunza kunyamaza, kundi limempoteza mhandisi. AkiraChix, iliyoanzishwa Nairobi 2010 na wanawake wa teknolojia, ilijibu hali ya namna hii kwa kuwajengea wasichana mafunzo na jumuiya yao. Mmoja wa waanzilishi wake, Angela Oduor Lungati, alikuja kuwa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi. Msimamizi yeyote wa kundi anaweza kufanya sehemu yake leo hii: kumwondoa anayesumbua bila kumtaka msichana atoe ushahidi mbele ya wote.

Gharama nitaitaja kwa kifupi kwa sababu kila mtu anaijua. Kikao cha video cha saa moja humaliza kifurushi, na maandishi hayamalizi. Makundi yanayopenda video huwachuja maskini bila kukusudia. H3ABioNet, mtandao wa bioinformatiki barani Afrika, ulipoanza kozi yake ya pamoja mwaka 2016 uliwakusanya wanafunzi katika madarasa ya vyuo vyao, kila darasa likiwa na wasaidizi wa hapohapo, mihadhara ikirekodiwa na kupakuliwa mapema. Kila kundi linaloenea nchi nyingi linapaswa kuuiga mpango huo. Njia zenyewe za intaneti pia hukatika. Mei 2024 hitilafu kwenye EASSy na SEACOM iliipunguza kasi intaneti ya ukanda mzima. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikapitia hali hiyo Oktoba 2025. Wanasiasa wanapofunga mtandao, na mhandisi wa Liwale amefungiwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kumbukumbu. Mazungumzo yetu ya kitaalamu yamejengwa kama kibanda kwenye kiwanja cha mtu. Google ilifunga mtandao wake wa kijamii, Google+, mwaka 2019. Slack, inayotumiwa na jumuiya nyingi za utafiti, iliamua 2022 kwamba wasiolipa waone siku 90 za mwisho tu, na 2024 ikaanza kufuta ya zamani kuliko mwaka mmoja. WhatsApp ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii: jibu zuri la mtaalamu wa visima lililoandikwa Machi ni shida kulipata Julai, na anayejiunga Agosti halipati kamwe. Basi swali lilelile huulizwa tena, mtaalamu huchoka, hunyamaza. Dawa yake haihitaji fedha. Mtu mmoja kila wiki aandike muhtasari wa maswali na majibu, ataje jina la aliyejibu, na auweke mahali pa wazi panapoweza kutafutwa. Kazi hiyo hiyo ni zawadi kwa kijana anayetaka kujulikana, kwa sababu anayeandika muhtasari hulazimika kumrudia kila mtaalamu na kumuuliza kama amemwelewa.

Halafu imekuja akili mnemba. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, vijana walipata wa kumuuliza usiku wa manane bila aibu. Utafiti uliochapishwa 2024 katika PNAS Nexus ulikuta kwamba ndani ya miezi 6 shughuli za kuuliza na kujibu kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandaaji wa programu, zilishuka kwa takriban robo. Naelewa kwa nini. Mashine haimwiti mtu mjinga. Lakini swali lililoulizwa kwa mashine halimfahamishi mtu kwa mtu. Hakuna aliyejua kwamba wewe wa Sumbawanga unahangaika na pampu za jua, wala hakuna atakayekukumbuka shirika litakapotafuta mtu wa pampu za jua. Tena mashine imejifunza kutokana na majibu ambayo watu walipeana hadharani, na kuhusu udongo wetu, mvua zetu na vipuri vinavyopatikana Kariakoo majibu hayo yameandikwa machache mno. Ushauri wangu kwa kijana ni aanze na mashine akipenda, kisha apeleke kwa watu alichojibiwa na alichokikuta kazini, hasa pale viwili hivyo vilipopingana. Mpingano huo ndio mwanzo wa mjadala mzuri.

Wajibu hauko kwa vijana peke yao. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania inawataka wahitimu wapitie mafunzo ya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, na inataka wahandisi waendelee kujifunza. Msimamizi anayefaa akiwa Dar es Salaam na mhitimu akiwa Katavi, sehemu ya usimamizi huo ingeweza kufanyika mbele ya wengine, kwa maandishi, ili somo la mmoja liwafae mia. Na mhandisi anayejibu maswali ya vijana kwa uangalifu mwaka mzima anastahili kuhesabiwa hilo kama anavyohesabiwa kuhudhuria semina ya siku mbili hotelini. Vivyo hivyo vyuoni: mhadhiri anapopimwa kwa ajili ya kupandishwa cheo, makala zake zinahesabiwa, lakini data aliyoisafisha na kuiweka wazi, au programu huria inayotumiwa na nchi 5, haipati uzito wake.

Mahali pa kuanzia tunapo tayari. Kila mwaka wanafunzi wa uhandisi na sayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ardhi, Makerere, Jomo Kenyatta na vyuo vingine huandika miradi ya mwaka wa mwisho: vipimo vya udongo wa kata fulani, mfumo wa kudhibiti pampu, uchambuzi wa maji ya visima vya mtaa fulani. Wanatetea, wanapewa alama, ripoti inafungwa kwa jalada gumu na kuwekwa rafuni, na mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anapima udongo uleule upya. Ripoti hizo zikiwekwa wazi pamoja na data zake, na kila mwanafunzi mpya akitakiwa achague mradi mmoja, amtafute aliyeuandika, waujadili hadharani, kisha auendeleze, mhitimu wa mwaka huu atakuwa na mtu wa kumwandikia kabla hata hajapangiwa wilaya.